Binti yangu alipochagua kucheza softiboli chuoni

Kila nikikutana na wazazi wenzangu wa Kiswahili hapa Dallas, iwe msikitini, harusini au dukani kwa Mhindi tunakonunua unga na nazi, wakisikia binti yangu anachezea timu ya chuo, swali huwa moja: "Wanamlipia yote?" Nawaelewa. Ada za vyuo vya Marekani zinamnyima mtu usingizi. Nikiwajibu hapana, wanashangaa, maana wamesikia chuo chenyewe ni cha Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo. Ndipo huja swali la pili: "Sasa anacheza kwa nini?"

Swali hilo tuliishi nalo nyumbani kwetu tangu mwanangu akiwa na miaka kumi na sita. Nalieleza hapa kwa sababu naona mabinti wengine wa kwetu wanakuja nyuma yake, na wazazi wao, kama sisi wakati ule, hawana wa kumuuliza.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mchezo wangu wa utotoni ulikuwa rede, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa, basi. Softiboli nimeijua ukubwani, nikiwa nimekaa kwenye benchi la chuma chini ya jua la Texas, nikijaribu kuelewa kwa nini watu wanashangilia. Kwa ambaye hajauona mchezo huu: mrushaji anasimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 13 hivi, anazungusha mkono na kuuachia mpira ukitokea chini, usawa wa nyonga. Warushaji wazuri wa vyuo wanapita kilomita 100 kwa saa. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua kama apige au auache upite.

Mwanangu ni mdakaji. Ndiye anayechutama nyuma ya mpigaji na kinyago usoni, kinga kifuani na miguuni, anapokea kila mpira unaorushwa na kuwaongoza wenzake, kwa kuwa yeye peke yake anautazama uwanja wote kwa mbele. Mkimbiaji akijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia bila mpira kupigwa, mdakaji anainuka na kutupa mpira karibu mita 26 huku mwili haujanyooka bado. Makocha wa vyuo wanalipima tendo hilo kwa saa ya mkononi, tangu mpira ugonge glovu yake hadi ufike kituo cha pili. Sekunde 1.8 inawafanya waandike jina lako. Ukifika sekunde 2 na ushei, wengi wao wanafunga daftari. Binti yangu alikuwa karibu na ile ya kwanza, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito.

Mama yangu aliniuliza kwa simu kutoka Tanga chuo kinanufaika nini na msichana anayepiga mpira kwa gongo. Ni swali la haki kabisa. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia. Matokeo yake, chuo chenye timu kubwa za wanaume kinalazimika kuwapa wanawake nafasi yao pia, na softiboli ni mmoja wa michezo iliyopanuka kwa sababu hiyo. Leo fainali zake hufanyika Oklahoma City kila mwaka mbele ya maelfu ya watu, na televisheni ya taifa inazionyesha. Mwaka 2022 Oklahoma waliwafunga Texas katika fainali hizo, na mwanangu alikuwa ameganda mbele ya runinga, hamtazami mpigaji wala mrushaji. Macho yake yalikuwa kwa wadakaji tu.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapoingia gizani. Wakati binti yangu anatafuta chuo, timu ya softiboli ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili wa watu 12. Timu ina wachezaji ishirini na zaidi. Kocha anaukata ule ufadhili vipande, huyu robo, yule nusu, mwingine vitabu tu, na mrushaji bora anachukua fungu nono. Anayelipiwa kila kitu ni wa kutafutwa. Daraja la Pili fungu ni dogo zaidi. Daraja la Tatu hakuna ufadhili wa michezo hata senti, ila vyuo vingi vya ngazi hiyo hutoa ufadhili wa masomo, na kwa mtoto mwenye alama nzuri huo unaweza kuwa mkubwa kuliko robo ya kocha. Vipo pia vyuo vya miaka miwili, vya bei nafuu, ambavyo baadhi hulipia wachezaji vizuri. Na ngazi zote hizo ukizijumlisha, wasichana wanaocheza softiboli sekondari na kufika timu ya chuo hawafiki mmoja kati ya kumi.

Kwa hiyo mzazi anayelipia timu ya kusafiri, yaani klabu ya nje ya shule inayozunguka kwenye mashindano, hoteli, mafuta, gongo la mamia ya dola, akidhani anaweka akiba ya ada, ajue kwamba kwa familia nyingi hesabu hiyo hairudi. Nasema hivi bila kumkatisha mtu tamaa. Mtoto achezee timu ya kusafiri kwa kuwa anaupenda mchezo na nyumbani mnaweza, basi.

Makocha wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 2018, na naiona ya maana sana, kwa sababu kabla yake watoto wa darasa la nane walikuwa wanaahidiana na vyuo wakati hata hawajui watasomea nini. Kwa binti yangu siku hiyo iliangukia mwaka 2022. Wenzake wawili wa timu walianza kupokea ujumbe usiku wa manane, saa ilipogonga tu. Simu yake ilikaa kimya hadi jioni ya pili yake. Nilimwona anavyoiangalia. Hakuna mzazi anayeweza kukaa pale na asiumie.

Ujumbe ulikuja baadaye, mmoja mmoja, na kufikia mwaka uliofuata mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza, chuo cha serikali hapa hapa Texas, Daraja la Kwanza, si jina la kuonekana kwenye televisheni kila wiki lakini timu imara. Walimpa nafasi kikosini bila ufadhili wa michezo, isipokuwa vitabu. Ya pili, chuo kidogo cha Daraja la Tatu katika jimbo la mbali, chenye ufadhili mzuri wa masomo, ambako angekuwa mdakaji wa kwanza karibu tangu siku anafika. Ya tatu, chuo kikuu cha karibu na nyumbani chenye shule nzuri ya uuguzi, na softiboli ingebaki kuwa mchezo wa Jumamosi na marafiki.

Mwanangu alitaka kuwa nesi tangu akiwa mdogo, kwa sababu mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee na amekua akinisikiliza. Kwangu jibu lilikuwa wazi, la tatu. Baba yake alikuwa upande wa la pili. Binti mwenyewe alinyamaza, akaanza kuuliza.

Namna alivyouliza ndiyo ninayotaka wazazi wenzangu waishike. Hakutaka kutembelea vyuo siku ya mechi. Siku ya mechi kuna muziki, jezi zimepigwa pasi, kila mtu anacheka. Aliomba aende Jumanne ya kawaida. Katika chuo kile cha Daraja la Kwanza tulifika alfajiri, tukawakuta wasichana wakitoka chumba cha kunyanyulia vyuma, nywele zimelowa jasho, wanakula mayai kwa haraka waende darasani saa mbili. Mchana mazoezi, jioni chumba cha kujisomea ambako mahudhurio ni lazima kwa wanaoanza. Kanuni inasema shughuli za michezo zisizidi saa 20 kwa wiki na saa 4 kwa siku wakati wa msimu, na siku moja iwe ya mapumziko. Saa hizo hazihesabu safari. Mechi, hata ikichukua jioni nzima, inaandikwa saa 3. Timu inaruhusiwa hadi mechi 56 kuanzia Februari hadi Mei, na nyingi zinachezwa mwisho wa wiki, hivyo kuondoka Alhamisi na kurudi Jumapili usiku ni jambo la kawaida. Aliandika wiki nzima kwenye karatasi, saa kwa saa. Tulipomaliza kuisoma, sikuona mahali pa mafunzo ya vitendo hospitalini.

Mshauri wa masomo wa pale alisema ukweli bila kuzunguka. Mafunzo ya vitendo ya uuguzi yana siku zake, hospitali haimsubiri mtu arudi kutoka uwanjani. Wachezaji wake wachache waliojaribu vyote viwili walilazimika kuacha kimoja. Alipendekeza shahada ya afya ya jamii. Nilimheshimu kwa hilo, kwani angeweza kutupamba kwa maneno ili tusaini.

Swali la pili la binti yangu kwa kila kocha lilikuwa: nani yuko mbele yangu? Hili wachezaji wa nafasi nyingine wanaweza kulilegeza, kwa sababu sehemu ya nyuma ya uwanja kuna nafasi tatu na mtu anahamishika. Mdakaji ni mmoja. Timu inaweza kuwa nao watatu au wanne, na yule wa kwanza akiwa mzima anadaka karibu kila mechi kubwa. Pale kwenye Daraja la Kwanza wawili wangekuwa bado mbele yake akifika, mmoja akiwa na mwaka wa tano kwa sababu wachezaji wa kipindi cha Uviko waliongezewa mwaka mmoja. Juu ya hapo, siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo, kwa hiyo hata hao wawili wakiondoka, kocha anaweza kumleta mdakaji mwenye miaka 21 kutoka chuo kingine badala ya kumngoja wa miaka 18 akomae.

Binti yangu alimtafuta mdakaji wa tatu wa timu ile, msichana wa mwaka wa tatu aliyekuwa amecheza kidogo sana, akaomba kuzungumza naye bila mimi na bila kocha. Walikaa kwenye ngazi za uwanja muda mrefu. Sikuuliza walichoongea, ila ndani ya gari aliniambia kidogo: kwamba yule dada analia baadhi ya Jumapili, kwamba bado hajaacha, na kwamba kila siku anadaka mipira ya warushaji wakiwa wanajiandaa, na amekuwa bora kuliko alivyowahi kujidhania. Mchezaji nyota asingeweza kumwambia haya.

La tatu lilikuwa Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia katikati ya msimu. Binti yangu anafunga, na chini ya helmeti anavaa kitambaa, mikono mirefu chini ya jezi. Kocha mmoja, sitasema wa chuo gani, alisema "tutaangalia wakati ukifika," na sauti yake ilitosha. Kocha wa Daraja la Kwanza hakuwa amewahi kuwa na mchezaji anayefunga, lakini aliuliza: unakula saa ngapi, maji je, siku ya safari dini inaruhusu nini, daktari wa timu ahusishwe vipi? Aliandika majibu. Hata mimi niliyekuwa nimefika pale na moyo mgumu nililegea.

Jioni moja nilimwambia wazi kwamba naona achague uuguzi na abaki karibu. Nilimwambia sitaki kumwona mwanangu anabeba mikoba ya wenzake kwa miaka minne wakati angeweza kuwa nesi akiwa na miaka 22. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema:

"Mama, huenda nisicheze. Hilo nimeshalijua, nimeshalipigia hesabu. Kule Daraja la Tatu nitacheza kila siku, lakini nitakuwa mdakaji bora wa pale tangu nikifika, na sina wa kunifundisha zaidi. Hapa nitakuwa wa mwisho. Nataka niwe wa mwisho kwa watu hawa."

Nikamuuliza, na uuguzi?

"Uuguzi naweza kuusomea nikiwa na miaka 23. Kudaka siwezi kuanza nikiwa na miaka 23."

Baba yake alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Mimi nilikubali shingo upande, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kuna watu wanaosimulia kwamba mtoto akishajua mbivu na mbichi basi anachagua kile ambacho mzazi angechagua. Kwetu haikuwa hivyo. Alijua kila kitu nilichokijua mimi, pengine zaidi, na akaenda njia yake. Nilichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna aliyemdanganya, na hilo kwangu lilikuwa na uzito.

Tulikaa tukawekeana masharti. Kwa kuwa chuo ni cha serikali na sisi ni wakazi wa Texas, ada yake ni nafuu kuliko ya mgeni wa jimbo. Tulijaza fomu za msaada wa serikali kuu, akapata Pell, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, akapata na kidogo kutoka chuoni kwa alama zake. Tulikubaliana kiwango cha mkopo ambacho hatutakivuka. Angesomea afya ya jamii, lakini achukue anatomia, fiziolojia, kemia na masomo mengine ambayo shule za uuguzi hudai kwa mtu mwenye shahada anayetaka kubadili fani. Na alama zikishuka chini ya kiwango tulichoandika, timu inaachwa bila mjadala. Hilo la mwisho alilitaka yeye mwenyewe liandikwe.

Akaanza Agosti 2024. Msimu wa kwanza hakucheza mechi hata moja. Ramadhani ya 2025 ilianza tarehe 1 Machi, wakiwa safarini, na kocha alitimiza neno lake: mazoezi yake ya vyuma yalihamishiwa jioni baada ya futari, na siku za joto daktari wa timu alikuwa na mamlaka ya kumtoa. Mimi na baba yake tulienda kutazama mechi ambazo tulijua hatacheza. Watu waliokaa karibu nasi waliuliza mtoto wetu ni yupi, nikawaonyesha pale kando ya uwanja, anadakia warushaji. Nilijifunza kutazama huko. Unaanza kuona kwamba mrushaji akitoka pale amechangamka au amekata tamaa, kuna mtu amechangia.

Jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelihesabu lilitokea Juni 2025. Jaji aliidhinisha mapatano makubwa kati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na wanamichezo, vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa vyuo vilivyojiunga, ule ukomo wa ufadhili wa watu 12 uliondolewa na badala yake kikosi cha softiboli kikawekewa ukomo wa wachezaji 25. Ukisikia haraka ni habari njema. Kwa mchezaji asiye na ufadhili, aliye wa tatu katika nafasi yake, ni habari ya kutisha, kwa sababu kikosi kikipunguzwa anaanza kutoka yeye. Nchi nzima kulikuwa na wazazi kama sisi wanaosubiri simu. Chuo chake hakikujiunga mwaka huo. Alibaki. Nilisujudu, mimi niliyekuwa sitaki aende huko.

Sasa yuko mwaka wa pili. Mmoja wa wale wawili ameshamaliza, na msimu huu amedaka katika mechi kadhaa za katikati ya wiki. Saa yake ya kutupa mpira imeshuka chini ya 1.8. Anatomia amefaulu vizuri, kemia ilimsumbua na aliirudia wakati wa kiangazi kwa fedha alizopata akifundisha watoto kudaka. Bado anasema nesi. Baada ya shahada ya kwanza, programu za uuguzi za haraka huchukua kati ya mwaka mmoja na miwili, na nyingi hazimwachi mtu afanye kazi pembeni. Akimaliza 2028 atahitaji mahali pa kulala na ada ya kipindi hicho. Mimi nimeongeza zamu moja ya usiku, baba yake ameliuza gari la pili, na akaunti tuliyofungua ina jina lake.